Dawa ya kifafa na upele usio wa surua

Ukiingia kliniki ya kifafa hapa Uganda, jambo la kwanza utakalofundishwa ni kutoacha dawa. Utaambiwa na daktari, utaambiwa na sista anayekuhesabia vidonge, na mhudumu wa afya wa kijiji atakukumbusha akikukuta kisimani. Wana haki ya kusisitiza. Mtoto akikatiziwa dawa ghafla anaweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka katikati, na wapo waliopotelea hapo. Mimi nililishika neno hilo kwa mikono miwili. Lakini lina upande wa pili ambao sikuusikia kwa yeyote mpaka binti yangu alipovimba uso, na tangu hapo, kila nikikaa benchi moja na mzazi mgeni kliniki, naona nina deni la kumweleza.

Sisi ni wa Busia, upande wa Uganda. Mimi nimezaliwa baraksi za polisi, baba akiwa koplo, kwa hiyo Kiswahili ndicho tulichokulia. Mume wangu ni Msamia, na sokoni ninakouza mitumba huwezi kuuza bila Kiswahili hata ukitaka. Binti yetu alianza kuanguka akiwa na miaka sita. Mwanzoni tuliambiwa ni degedege la malaria. Lilipokuja bila homa, kila mtu akawa na lake. Jirani Mganda alinieleza kuwa kuna mjusi kichwani, akizunguka ndipo mtoto anaanguka. Mwalimu wake, tena mtu mwema, alimtengea kikombe kwa kuogopa mate. Mashangazi wa mume wangu walikuwa wameshamtaja mzee fulani anayejua kuyatoa mambo hayo. Wengi mmeyapitia, sitayarefusha.

Kliniki walitaka kujua anavyoanza. Nikasema mdomo unavutwa upande mmoja, kisha mkono wa upande huohuo, mara nyingi alfajiri akiwa usingizini. Daktari akasema hicho ni kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo, akamwandikia kabamazepini, dozi ndogo ya kupandishwa taratibu. Ni dawa nzuri kwa kifafa cha namna hiyo, na hata leo sitaki mtu aondoke hapa akidhani naitukana. Kuanguka kulipungua, kisha kukakoma. Mume wangu alichinja kuku.

Mwezi wa kwanza ulipokuwa unaishia, homa ikaja.

Kwetu homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na hata ikithibitika vinginevyo bado ni malaria. Kipimo cha haraka kilionyesha hana. Kliniki ya mtaani wakatupa dawa ya malaria hivyo hivyo. Homa haikushuka. Kifua na mgongo vikaanza kutoka vipele vidogo, na hapo neno likageuka kuwa surua. Kadi yake ya chanjo inaonyesha alichanjwa, lakini surua huweza kuwapata hata waliochanjwa, kwa hiyo hatukubisha. Tukaambiwa tumweke ndani, anywe maji mengi, na kwa vyovyote vile asikose kidonge cha kifafa, kwa sababu homa huamsha kifafa. Kwa karibu kila mtoto mwingine ushauri huo ungekuwa sahihi. Kwake yeye, kila kidonge kilikuwa kinachochea ugonjwa.

Niseme jambo kuhusu ngozi zetu. Picha za upele wa dawa unazoonyeshwa kwenye simu karibu zote ni za ngozi nyeupe, na maelezo yanasema angalia wekundu. Kwa mtoto mweusi unaweza kutafuta wekundu mpaka jua lizame. Wa kwetu ulikuwa weusi uliozidi weusi wake, penye mwanga mzuri unaona uzambarau kidogo. Mimi niliufahamu kwa kiganja zaidi kuliko kwa macho: nilikuwa nampaka mafuta baada ya kuoga, ngozi ikawa inakwaruza mkono mahali ambapo jana ilikuwa laini. Kesho yake aliamka macho yamefumba kwa uvimbe, na shingoni tezi unazigusa bila kuzitafuta.

Aliyetuokoa hakuwa mtaalamu wa kifafa. Ni sista wa kliniki ya virusi vya Ukimwi, mpangaji mwenzetu, aliyepita mlangoni kwangu akitoka zamu. Hakuniuliza habari za homa. Aliuliza, "Mama, huyu mtoto ameanza dawa gani mpya mwezi huu au mwezi uliopita?" Nikamwambia. Akaingia bila kuvua viatu, jambo ambalo si desturi yake. Akamfunua kope, akamwambia afungue mdomo, akamuuliza kama anaungua akikojoa, akamsugua ngozi ya mgongo kwa kidole aone kama inabambuka. Alikuwa anatafuta dalili za Stevens-Johnson, ule ugonjwa ambao mdomo na macho huota vidonda na ngozi huvuka kama mtu aliyeungua moto. Baadaye alinieleza alikojifunzia. Miaka ya nevirapini na Septrin, dawa walizokuwa wakipewa wenye virusi, wauguzi wa Ukimwi walifundishwa kwamba dawa mpya ikifuatana na homa na upele, shuku dawa kabla hujashuku kitu kingine. Waliwaona wagonjwa wa hivyo kwa macho yao. Wa kliniki ya kifafa, ambaye anaona wagonjwa wengi na upele mbaya pengine hajauona hata mara moja, hana sababu ya kuwa na macho hayo. Simlaumu sana, ila nashangaa kwa nini idara mbili zilizo chini ya paa moja hazipashani habari.

Vidonda mdomoni hakuwa navyo. Sista akasema, "Kidonge cha jioni usimpe. Lakini usikae naye nyumbani pia. Kuacha dawa hii ni kazi ya kufanyiwa hospitalini, na tunakwenda sasa hivi." Nimeyarudia maneno hayo kwa wazazi wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, kwa sababu watu hushika nusu yake tu. Anayeshika nusu ya kwanza hurudi na mtoto aliye katika kifafa kisichokatika. Anayeshika nusu ya pili peke yake hukaa foleni huku akiendelea kumpa mtoto sumu yake.

Hospitali ya rufaa walimpima damu. Sehemu ya vipimo tulilipia maabara ya nje, maana huduma ya hospitali za serikali kwetu ni bure tangu 2001 lakini mashine ikiharibika bure hiyo haikusaidii. Majibu yalionyesha kwamba zile chembe nyeupe za damu ziitwazo eosinofili zimepanda sana, na vipimo vya ini vimeruka. Daktari wa watoto akaandika herufi tano, DRESS, kifupi cha Kiingereza cha ugonjwa wa dawa unaoleta upele, kupandisha eosinofili na kuumiza viungo vya ndani. Jina lenyewe si la zamani, madaktari wa ngozi wa Ufaransa walilipendekeza 1996, ila ugonjwa ulikwisha kuonekana miongo mingi kabla, kwa watu waliokuwa wakitumia fenitoini, dawa ya kifafa iliyoingia 1938. Hutokea kwa nadra: makadirio yanayotajwa kwa dawa za kundi hili ni mtu mmoja kati ya 1,000 hadi 10,000 wanaoanza kuzitumia. Kwa kawaida huanza kati ya wiki ya pili na ya nane. Ndiyo maana hauonekani kama ugonjwa wa dawa. Watu wengi huwazia kwamba dawa ikikukataa itakukataa siku ileile, kwa hiyo kidonge ulichokimeza mwezi mzima bila shida hakiwezi kushukiwa. Huu ndio mtego wake.

Nilimuuliza daktari kwa nini, maana binti yangu hakuzidishiwa dozi. Alinieleza hivi. Ini huvunja dawa hizi vipande vipande ili zitoke mwilini. Baadhi ya vipande ni vikali, na kwa kawaida kuna kimeng'enya cha kuvizima. Kwa watu wachache uzimaji huo ni dhaifu, au jeni zao zinaifanya kinga ya mwili ivione vipande hivyo kuwa adui, basi chembe za kinga zinaamka na kupigana, na zinachopiga ni ngozi, ini, wakati mwingine figo, mapafu au moyo. Nikauliza, basi tukiacha dawa yataisha? Akasema si mara moja. Hapo nilimwelewa kwa njia yangu, mimi mtoto wa baraksi. Usiku king'ora kikilia, askari wote hutoka na bunduki, na hata mwizi akishakimbia bado kuna watu wanafyatua risasi gizani mpaka mkubwa apite awarudishe ndani mmoja mmoja.

Mkubwa huyo alikuwa prednisoloni. Inatuliza kinga, lakini haitolewi kwa haraka wala kuondolewa kwa haraka. Ilipopunguzwa kidogo upele ulirudi, ikapandishwa, ikaanza kupunguzwa upya polepole zaidi, na jambo hilo lilichukua miezi. Uso ukawa wa mviringo, njaa ikawa haishibi, na hasira zikamjia mtoto ambaye hata kuku hakuwahi kumfukuza. Tuliambiwa asikaribiane na mwenye tetekuwanga au surua, kwa sababu kinga iliyotulizwa haipigani na chochote, si adui wa kubuni wala wa kweli. Unajua kumweka mtoto mbali na watoto wengine katika nyumba za kupanga zenye ua mmoja? Mimi sasa najua.

Huku nyuma kifafa hakikuwa kimetusubiri. Kabamazepini ilikatwa siku ileile, kwa hiyo alianguka tena pale wodini. Na dawa za kuiziba nafasi yake zilikuwa chache kwa sababu ambayo kila mzazi wa mtoto wa kifafa angepaswa kuijua. Kabamazepini, fenitoini na fenobabitali ni ndugu: katika maumbile yao ya kikemia zina pete ya aina moja. Kinga iliyokwisha kumchukia mmoja ina uwezekano mkubwa wa kuwachukia na wengine, vitabu husema kati ya asilimia 40 na 80. Kwa hiyo fenobabitali, kidonge cha bei ndogo kuliko vyote na ambacho hukosi kukikuta hata kituo kidogo cha afya, ilikuwa marufuku kwake. Valproati si ya ukoo huo, ila inaweza kuumiza ini, na ini lake lilikuwa tayari linawaka. Tukaenda na diazepamu ya kumwekea njia ya haja kubwa akianguka, na levetirasitamu kwa kila siku. Hata levetirasitamu nayo, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari 2023 kwamba mara chache sana huweza kuleta DRESS. Uwezekano wake ni mdogo zaidi, lakini tuliambiwa tuendelee kumkagua ngozi.

Bei ya levetirasitamu ilinikalisha chini. Dada yangu alikuwa akiinunua Wandegeya, Kampala, anampa dereva wa teksi ya Busia ikiwa ndani ya bahasha, nami nampokea stendi. Mabunda mawili ya nguo za watoto niliyokuwa nimeyalipia nusu niliyauza kwa mwenzangu kwa hasara. Shangazi mmoja akaja wodini akasema, mnaona sasa, dawa za hospitali zimekataa damu ya mtoto, mrudisheni nyumbani atolewe mjusi. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kutojibu. Mume wangu ndiye aliyejibu, na ni mtu asiyesema sana: "Shangazi, hospitali ndiyo iliyotuambia ni dawa. Yule mzee wako akikosea atatuambia?"

Upele ulikwisha kwa ngozi kubambuka viganjani na nyayoni. Ini likarudi. Nilidhani tumemaliza, lakini daktari akataka apimwe tezi ya thairoidi baada ya miezi michache, kwa kuwa baada ya DRESS kinga huweza kuigeukia tezi hiyo kimyakimya wakati kila mtu ameshasahau. Kipimo kilitoka safi. Wenzangu waliopitia haya, ulizeni kipimo hicho, kwa sababu mtoto aliyechoka na kunenepa baada ya prednisoloni hakuna atakayemshangaa.

Sasa nizungumzie daftari. Kwa wasiokaa Uganda, hospitali zetu nyingi hazina faili la mgonjwa la kukaa nalo. Unanunua daftari la shule dukani, daktari anaandika humo, unarudi nalo nyumbani, na historia yote ya mtoto ipo mikononi mwako. Daftari likilowa mvua, historia imelowa. La binti yangu nililifunika kwa plastiki, na kwenye jalada daktari akaandika kwa kalamu nyekundu majina matatu ya dawa asizopaswa kupewa kamwe. Nakala nyingine ipo kwa mwalimu wake, nyingine kwenye simu ya baba yake, na nyingine imeshonwa ndani ya mkoba wake wa shule. Mshono huo ni wangu mwenyewe, siuonei haya.

Nitaeleza kwa nini nakaa na kalamu nyekundu. Mwaka uliofuata tulikwenda mazishi kijijini, akaanguka usiku, kukawa na umbali. Tukampakia boda mpaka kituo cha afya cha karibu. Kijana wa zamu alifanya kila kitu kwa utaratibu mzuri: akamlaza ubavu, akampa diazepamu, akaangalia saa. Alipoona bado anatetemeka akaifungua kabati akatoa kichupa cha fenobabitali. Hivyo ndivyo mwongozo unavyosema, hakukosea kitu. Nikamwekea daftari juu ya kile kichupa. Akasoma jalada, akaniangalia, akasoma tena. Hakuwa amewahi kusikia kwamba sindano ya kuokoa mtoto inaweza kumrudisha kwenye ule ugonjwa. Akarudia diazepamu kama inavyoruhusiwa, na mtetemeko ukakatika. Asubuhi aliomba apige picha ile kurasa ambayo daktari wa watoto alieleza kisa chote. Nikamruhusu, nikafunika jina.

Mume wangu alikuwa na swali lake la kimyakimya, kuhusu mdogo wa binti yetu. Daktari alisema udhaifu huu unaweza kukaa katika damu ya familia, kwa hiyo ndugu wa tumbo moja nao waandikwe: wakihitaji dawa ya kifafa siku moja, za ukoo ule zisiwe za kuanzia. Kuna hata kipimo cha jeni. Tangu 2007 Marekani hushauri watu wenye asili ya Asia wapimwe jeni iitwayo HLA-B*15:02 kabla ya kuanza kabamazepini, kwa sababu kwao ndiyo inayohusiana na Stevens-Johnson. Jeni hiyo kwetu ni adimu sana, kwa hiyo kipimo hicho si kinga yetu. Kinga yetu ni wiki nane za kwanza za macho na viganja.

Kwenye benchi nimekutana na mama ambaye mwanawe aliandikiwa lamotrijini, dawa nyingine ya kifafa, huku akiwa anameza valproati. Dozi ya kuanzia ilikuwa ndogo mno, akaiona ni ubahili, akataka kuipandisha mwenyewe. Nilimshika mkono. Lamotrijini inayopandishwa haraka ndiyo inayoleta upele mbaya, watoto wanaupata zaidi ya watu wazima, na valproati huifanya lamotrijini ikae mwilini karibu mara mbili ya muda wake. Ule uchache ulikuwa umepimwa kwa makusudi. Nikamwambia pia kitu nilichokisoma, kwamba 2018 ilitolewa tahadhari kuwa dawa hiyo kwa nadra sana huiwasha kinga yote kwa pamoja, homa kali, bandama na ini kuvimba, chembe za damu kushuka. Akaniuliza kama basi aiache. Hapana, nikasema, mpe kama ilivyoandikwa, mkague kila jioni ukimwogesha, na ukiona upele wa aina yoyote pamoja na homa mpeleke siku hiyohiyo na paketi za dawa zote mkononi. Paketi, si majina ya kukumbuka. Upele mdogo wa joto nao upo, na mara nyingi daktari atakurudisha nyumbani. Hiyo nauli haijapotea.

Ini lilipotulia kabisa tulihamia valproati, kwa sababu biashara yangu isingebeba levetirasitamu mwaka baada ya mwaka. Imemkaa vizuri. Amekuwa msichana mrefu, anaongoza kwaya ya madrasa na hanitaki nimkague mgongo tena, kwa hiyo tumekubaliana ajikague na kioo. Shida iliyobaki ni ya umri. Valproati si dawa ya kumwachia binti anayekaribia kuvunja ungo, kwa kuwa ikikutana na mimba mtoto mmoja kati ya kumi hivi huzaliwa na kasoro, na daktari anataka kumhamisha kabla ya hapo. Lamotrijini hataki kuigusa kwa ngozi ile. Imebaki levetirasitamu ya bahasha na dereva. Baba yake anasema tuuze pikipiki. Mimi nasema tuanze na kuuliza bei upande wa Kenya, kisha ndipo tuzungumzie pikipiki.